Simu ya Asiye na Neno

Palikuwa na nchi, na nchi hiyo ingali pale pale ilipokuwa. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wenye nchi hawapendi itajwe bila kibali, na kibali hutolewa kwa simu, na simu yao kila ukiipiga inatumika. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani kubwa. Watu waliamka, wakafanya kazi, wakalala, na katikati ya hayo yote wakapokea simu.

Simu zenyewe hazikuwa na haya. Ukiwa unakuna nazi, inaita: hongera, umeshinda gari. Ukiwa chooni, inaita: hongera, umeshinda tena, gari lile lile. Ukiwa msibani umejifunika kanga, inaita, na mtu usiyemjua anakwambia kwa sauti ya haraka, kama aliyesahau kitu: "Ile hela usitume kule, tuma kwenye namba hii." Watu wengi walituma. Wengine walituma bila kudaiwa na yeyote, kwa heshima tu.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, aliishi mjane mmoja jina lake Siwema, fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa na binti mmoja tu, Radhia, aliyechukuliwa na wakala kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Mwanzoni Radhia alipiga simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Baadaye tajiri wake akamnyang'anya simu, kwa maelezo kwamba mfanyakazi mwenye simu huota nyumbani kwao na kuunguza nguo kwa pasi. Tangu hapo Radhia alipiga pale alipoweza, kwa simu ya yeyote aliyemhurumia: dereva, muuza mboga, mgonjwa wa jirani. Kila mara namba ilikuwa mpya. Siwema hakujali namba. Simu ikiita aliacha cherehani, akainyakua na kusema, "Ndiyo mwanangu," hata kabla ya kujua ni nani. Kwa njia hiyo aliwaita "mwanangu" matapeli wengi sana.

*

Serikali iliona mateso ya wananchi, ikaunda Tume ya Taifa ya Kulinda Masikio. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kalumbeta, mtu mwenye sauti nzito na masikio madogo, ambaye siku ya kuapishwa alilia hadharani.

"Ndugu wananchi," alisema, "sikio la mwananchi ni mali ya taifa. Atakayeliingia bila ruhusa atakuwa amevuka mpaka wa nchi!"

Kazi ya kwanza ya Tume ilikuwa kuelimisha umma, na ikaamuliwa umma uelimishwe kwa simu. Asubuhi, kabla ya uji, simu ya kila nyumba iliita kutoka namba isiyojulikana, na sauti iliyorekodiwa ikasema: "Usipokee simu kutoka namba usiyoijua." Ukikata, ilipiga tena kukuuliza kwa nini umekata. Adhuhuri ilirudi kuuliza kama ile ya asubuhi uliielewa. Wale waliotii mafunzo wakaacha kupokea walitozwa faini kwa kukwepa mafunzo.

Matapeli hawakupungua. Walilalamika tu kwamba siku hizi laini zina msongamano.

Ndipo Tume ikaja na mpango mkubwa zaidi. Kila familia itapewa neno la siri. Ndugu akipiga simu, aulizwe neno. Akilitaja, ni ndugu. Asipolitaja, ni tapeli, na anayepigiwa atatamka kiapo kilichotungwa na wataalamu: "Mimi sina ndugu asiye na neno. Kwaheri, tapeli." Kisha akate. Atakayeendelea kuongea na asiye na neno atafungiwa laini maisha yake yote.

Siwema alikwenda kuchukua neno lake kwenye ofisi ya Tume. Foleni ilizunguka jengo. Kwa kuwa lilikuwa neno la siri, karani alipaswa kumnong'oneza kila mtu sikioni. Lakini wazee walilalamika kwamba hawasikii minong'ono, na Tume, ambayo ilikuwa Tume sikivu, ikamfungia karani kipaza sauti. Akawa ananong'ona, na spika zilizo juu ya paa zinanong'ona pamoja naye, hadi sokoni ng'ambo ya barabara wauza nyanya wakawa wanajua siri za familia zote.

"Siwema wa Kisimani," spika zilinong'ona. "Neno lako ni Upembuzi Yakinifu."

"Ndiyo nini hiyo?" Siwema akauliza.

"Ni neno."

"Mbona mawili?"

"Shukuru, mama. Kuna familia leo zimepata nusu."

"Siwezi kuchagua mwenyewe? Kuna jina nilikuwa namwita Radhia alipokuwa mdogo. Hakuna anayelijua ila sisi wawili."

Karani alimtazama kwa huruma. "Wananchi hawajui kuchagua, mama. Waliachiwa wachague wabunge, umeona mwenyewe."

"Haya. Nitamwambiaje mwanangu hilo neno? Yuko ng'ambo."

"Si ruhusa kulitaja kwa simu, maana simu zina masikio. Wala kuliandika. Aje alichukue mwenyewe hapa, na kitambulisho."

"Tajiri wake kamshikia pasipoti. Hatoki hata getini."

"Basi apige simu ofisini kwetu aeleze shida yake, tutamsaidia mara moja," akasema karani. "Ilimradi kwanza ataje neno."

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Siwema akaondoka akilirudia neno lake njiani, polepole, asije akalisahau: upembuzi yakinifu, upembuzi yakinifu. Muuza nyanya mmoja akamrekebisha matamshi.

*

Siku chache baadaye simu ikaita. Laini ilikuwa inakwaruza, na ndani ya mikwaruzo hiyo mlikuwa na msichana analia.

"Mama! Mama, nimepata matatizo!"

Siwema alikaribia kusema "Ndiyo mwanangu", lakini alikumbuka sheria. "Neno?"

"Upembuzi yakinifu, mama!"

Hakungoja zaidi. Msichana alisema yuko polisi, kasingiziwa wizi wa mkufu, na asipotumiwa hela leo atafungwa. Siwema alituma alichokuwa nacho. Msichana akapiga tena, analia zaidi, neno kalitaja vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Siwema akauza cherehani, akatuma. Baada ya hapo hapakuwa na simu tena.

Ukimya ule ulimtia wasiwasi, akaenda kwenye Tume kueleza. Alipokewa vizuri, akapewa kiti.

"Alitaja neno?" afisa aliuliza.

"Alitaja. Ila nikikaa nikifikiri, ile sauti..."

"Mama, sauti hubadilika. Watu wana mafua. Neno halipati mafua. Kwa kuwa alitaja neno, yule alikuwa mwanao. Tume inakupongeza kwa kumsaidia mwanao." Akagonga muhuri. "Kuanzia leo, kiserikali, Radhia amepokea hela na hali yake ni njema."

Siwema alirudi nyumbani akiwa hana cherehani, lakini ana binti mwenye hali njema. Alijishikiza kwa jambo hilo. Mtu akiishia hapo alipoishia yeye, hujishikiza kwa chochote kilichogongwa muhuri. Sare akawa anashona kwa mkono, mishono midogo midogo, jioni vidole vimevimba.

*

Simu nyingine ilikuja alasiri moja, mvua ikiwa inapiga bati. Namba haijulikani. Mlio mbovu, maneno yanakatika.

"Mama? Mama, ni mimi, Radhia. Simu si yangu, usikate."

"Neno?" akasema Siwema.

"Neno gani, mama?"

"Neno la familia."

"Sijui neno. Mama, naumwa. Kifua. Tajiri hataki kunipeleka hospitali, anasema najifanya. Nenda kwa wakala, mwambie..." Kikohozi kikamkata, kirefu. "Mwambie aje anitoe. Ni mimi, mama. Mimi niliyeungua na uji pale begani, ukanibeba ukakimbia nami peku hadi kwa mganga wa zahanati."

Siwema aliibana simu sikioni. Lakini Tume ilikuwa imeonya mapema, kila asubuhi kabla ya uji: tapeli wa siku hizi anajua kovu lako, anajua jina la mbuzi wako, anajua hata kukohoa. Na Radhia, kiserikali, hali yake ilikuwa njema. Na laini ikifungwa, Radhia wa kweli akija kupiga, atampata wapi? Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Alimkana mwanawe kwa hofu ya kumpoteza.

"Mimi sina ndugu asiye na neno," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma. "Kwaheri, tapeli."

Akakata. Kisha akaketi sakafuni. Usiku ule hakula, na kesho yake pia hakula, na alipoulizwa na majirani alisema tumbo.

*

Ikafika Siku ya Masikio, sikukuu mpya ya taifa. Gari la Tume lilikuja kumchukua Siwema nyumbani, likampeleka uwanjani, likamshusha mbele ya jukwaa kuu. Aliambiwa ameshinda. Aliuliza kama ni gari. Aliambiwa hapana, ni heshima.

Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Kalumbeta alisimama, akarekebisha tai.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema mpango wa maneno haufanyi kazi. Leo nimewaletea jibu. Mama huyu mnayemwona, mshonaji wa kawaida kabisa, alipigiwa simu na tapeli hatari. Tapeli alilia. Tapeli alikohoa. Mama akatetereka? Hakutetereka! Kama mjuavyo, Tume hurekodi simu zenu zote kwa ajili ya usalama wenu. Mitambo yetu ya kisasa imeisafisha simu hiyo, imeondoa mvua, imeondoa mikwaruzo. Sikilizeni wenyewe."

Akainua mkono, na spika za uwanja mzima zikasema:

*Mama? Mama, ni mimi, Radhia.*

Hapakuwa na mvua. Hapakuwa na mikwaruzo. Ilikuwa sauti safi, ya karibu, kama mtu aliyeketi kitanda kimoja nawe. Siwema aliisikia inavyopanda kidogo kwenye neno "mama", vile ilivyopanda tangu mtoto yule alipoanza kusema. Alisikia pumzi kabla ya maneno. Alisikia kifua.

*Ni mimi, mama. Mimi niliyeungua na uji...*

Watu walicheka. "Huyo anajua kulia!" mmoja alipaza sauti. Mheshimiwa akainama kwenye kipaza sauti. "Hapo sikilizeni kikohozi, ndugu zangu. Hicho wanakwenda kukisomea."

Kisha uwanja mzima ukamsikia Siwema akisema kwamba hana ndugu asiye na neno. Wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mheshimiwa akamvika kifuani nishani ya Sikio la Taifa, ya shaba, nzito, akampa kipaza sauti aseme machache.

"Rudieni," Siwema akasema.

Mheshimiwa alifurahi. "Mama ameburudika! Rudieni!"

Wakarudia. *Mama? Mama, ni mimi, Radhia. Simu si yangu, usikate.*

"Sikati," akasema Siwema kwenye kipaza sauti. "Sema mwanangu, nakusikiliza. Niko hapa, sikati."

Sauti ya Radhia ikaendelea na yake, haikumsikia. Ikauliza, neno gani, mama. "Hakuna neno," Siwema akasema. "Hakuna neno lolote, nieleze tu uko wapi." Ikakohoa. Watu wa mbele waliokuwa wanacheka waliacha. Wa nyuma waliendelea, maana hawakuona uso wake. Zilipofika zile sekunde za kiapo, Siwema aliiacha ile nishani ya shaba ikining'inia, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, na picha aliyopigwa hapo ndiyo iliyotoka magazetini kesho yake, chini yake pameandikwa: MAMA SHUJAA ALINDA MASIKIO.

Bendi ilipiga kwa nguvu hadi alipoteremshwa.

"Nipeni ile namba," alimwambia Mheshimiwa nyuma ya jukwaa, amemshika mkono wa koti. "Namba iliyopiga. Ni mwanangu yule."

"Mama, namba ya tapeli ni siri ya dola. Isitoshe tumekwisha kuiziba. Kila ikipiga nchini humu inajibiwa na wimbo wa taifa." Akauondoa mkono wa Siwema taratibu, kwa adabu. "Beti zote."

*

Siwema alikwenda kwa wakala, akakuta ofisi imegeuzwa duka la simu. Akarudi nyumbani, akaweka simu mbele yake, akawa anapokea kila inayoita. Sheria hakuijali tena. Alishinda gari, alishinda nyumba, alishinda hija. Kila mmoja alimwachia amalize, kisha akauliza, "Hujamsikia Radhia hapo ulipo?" Wengine walimtukana. Mmoja akasema, "Samahani, mama," akakata.

Msichana mwenye kulia naye alirudi. "Upembuzi yakinifu, mama! Ni Radhia!"

"Wewe si Radhia," Siwema akamjibu. "Radhia hayajui maneno hayo."

Tume ilimtumia onyo moja, kisha la pili. Laini yake, walisema, iko mbioni kufungwa.

Kabla haijafungwa, ikaita mchana mmoja.

"Mimi sina neno, mama," alisema msichana. "Tafadhali usikate."

"Sikati."

"Wewe ni mama yake Radhia?"

Siwema aliketi. "Mimi ndiye."

"Naitwa Adelina. Nafanya kazi nyumba ya pili na ile alimokuwa Radhia. Simu aliyokupigia siku ile ilikuwa yangu. Nimekutafuta sana, mama, laini ikawa inaniimbia. Imebidi nipate nyingine."

Siwema hakuuliza. Alijua tangu aliposikia "alimokuwa". Alingoja tu msichana apate nguvu ya kulisema, na Adelina akalisema: kwamba walimpeleka hospitali akiwa hasemi tena, kwamba ilikuwa siku ya tatu baada ya ile simu, kwamba wamemzika huko huko, na kwamba yeye alitoroka dakika chache akaenda, akaona walipomlaza.

"Alisema nini," Siwema akauliza, "nilipomkatia?"

"Usiniulize hilo, mama."

"Niambie, mwanangu."

"Hakukasirika, mama. Alinirudishia simu akasema, 'Mama ameogopa. Nitampigia tena kesho, atakuwa ametulia.'"

Siwema aliweka kiganja mdomoni, akakiacha hapo. Alilia hivyo hivyo, bila sauti, na Adelina huko aliko akawa analia naye, hakuna aliyekata. Wala hakuna aliyeharakisha.

Mwishowe Siwema akajifuta. "Na wewe, binti yangu. Kwenu wanajua ulivyo?"

"Nina mama tu. Ananiuliza neno, nikisema sina ananisomea kile kiapo."

"Anakaa wapi?"

*

Majirani wa Kisimani walikuja wakaketi matanga. Siwema alikwenda kwenye Tume kuandikisha kifo, akaambiwa haiwezekani: Radhia, yule mwenye neno, yu hai, na asubuhi hiyo hiyo amepiga simu kuomba hela kwa familia nyingine kadhaa. Hakubishana nao. Alirudi, akamsomea mwanawe khitma ambayo serikali haikuitambua, watu wakala pilau, wakatawanyika. Siku iliyofuata akajifunga kanga, akasafiri.

Mama yake Adelina alikaa Mlangali, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya wasiwasi, ameketi barazani anachambua maharage kwenye ungo. Siwema alimwamkia, akajieleza, akamweleza habari za Radhia zote, na za ile simu, na alichosema yeye. Hakujipunguzia hata kidogo. Mwenzake alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe.

"Na mimi nitajuaje kama si wewe uliyetumwa na matapeli?" aliuliza mwishowe.

"Hutajua," Siwema akasema. "Hata mimi sijui cha kukupa ili ujue. Nimekuja tu."

Yule mama akauweka ungo chini. Kisha akamsogezea mkeka. Wakaketi wote wawili, wakachambua pamoja. Mchana ulipoanza kuinama, simu iliyokuwa juu ya dirisha ikaita.

Mama yake Adelina aliisoma, uso ukambadilika. "Namba siijui."

"Pokea."

"Watanifungia laini, dada. Nikifungiwa nitampata wapi mwanangu?"

"Na mimi nilisema hivyo hivyo," Siwema akasema. "Pokea."

Iliita, ikaita. Mwanamke aliinuka, akaishika kama kitu cha moto, akaiweka sikioni. Midomo ilianza kutafuta lile swali, ikaliacha.

"Halo?" akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Nani? ... Adelina? Adelina wangu, umekula?"

Siwema akauchukua ungo wa maharage, akazunguka nao uani ili awaachie nafasi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaendelea kuchambua hadi walipomaliza kuzungumza.